London hadi Tokyo: saa 23, saa tano na nusu, au saa 11?

Swali: "Januari nasafiri kutoka London kwenda Tokyo. Tiketi inasema naondoka 13:00 na kufika 12:00 kesho yake. Kurudi, naondoka Tokyo 11:00 na kufika London 16:30 siku hiyohiyo. Yaani kwenda ni saa 23 na kurudi saa tano na nusu? Nimetafuta umbali nikakuta kilomita 9,600 na muda wa ndege saa 11. Nikigawanya mwenyewe 9,600 kwa 900 napata kama saa 10 na dakika 40. Kipi ni kweli? Na nikipitia Dubai kwa ndege mbili, nitapoteza muda kiasi gani?"

Jibu: Ndugu yangu, safari yako ya kwenda ni kama saa 14, na ya kurudi ni kama saa 14 na nusu. Tiketi haijakosea hata dakika moja. Ile saa 11 uliyoikuta ni habari ya zamani: ilikaribia ukweli hadi Februari 2022, na waliokuwekea hawakurudi kuifuta. Hesabu yako ya kugawanya ni sahihi kama hesabu, ila ndege haijawahi kuisafiri.

Nianze na saa za tiketi, maana ndizo zilizokutisha na ndizo rahisi kuliko yote. Kila muda kwenye tiketi ni wa mji husika. 13:00 ni saa ya London, 12:00 ni saa ya Tokyo. Januari Tokyo iko mbele ya London kwa saa tisa. Kwa hiyo chukua 13:00, ongeza saa 14, unapata saa tisa usiku wa manane kwa saa ya London, yaani 03:00. Ongeza tisa za Tokyo: 12:00, adhuhuri. Kurudi ni kinyume chake. Unaondoka 11:00, unaongeza saa 14 na nusu, inakuwa 01:30 usiku Tokyo. Ondoa tisa, unarudi nyuma hadi 16:30 ya London, tarehe ileile uliyoondoka. Zile saa tisa uliibiwa ukienda na umerudishiwa ukija, ndiyo maana 23 na tano na nusu ukizijumlisha unapata 28 na nusu, sawasawa na 14 kujumlisha 14 na nusu. Ukitaka kujua safari yoyote ina saa ngapi na huna uhakika na majira ya huko, jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na wa kurudi, kisha gawa kwa mbili. Utapata wastani wa kweli bila hata kujua tofauti ya majira.

Angalizo mbili ndogo. Uingereza husogeza saa zake mbele wakati wa kiangazi na Japani haifanyi hivyo, kwa hiyo ungesafiri Julai tofauti ingekuwa saa nane. La pili linatuhusu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili: tiketi huandikwa kwa saa 24, na 07:00 ni saa moja asubuhi. Nimewaona abiria waliosoma "saba" wakafika saa saba mchana, mizigo imefungwa vizuri, na ndege iko bara jingine.

Sasa kilomita 9,600. Namba hiyo ni ya kweli, ila inafaa uelewe ni ya nini. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuandaa mpango wa safari, ile karatasi anayokabidhiwa rubani kabla hajapanda: apite wapi, aruke mwinuko gani, abebe mafuta kiasi gani. Kwenye karatasi hiyo umbali kati ya miji miwili hauna kazi kubwa. Kinachotafutwa ni njia, na njia ni kitu kingine.

Tafuta tufe la dunia, hata lile dogo la watoto la kuwekwa mezani, na kipande cha uzi. Shika ncha moja ya uzi kwenye London, nyingine kwenye Tokyo, kisha vuta mpaka uzi ukaze. Wengi hutegemea uzi upite katikati ya Ulaya, Asia ya Kati, na China, kwa sababu ndivyo macho yalivyozoea ramani ya ukutani. Uzi haupiti huko. Unapanda juu: unapita karibu na Oslo, unakata kaskazini mwa Uswidi na Finland, unaingia Urusi upande wa rasi ya Kola, unafika Bahari ya Kara kwenye latitudo ya 71 hivi, juu kabisa ya mzingo wa Aktiki. Kuanzia hapo unateremka kuivuka Siberia yote na kutokea Bahari ya Japani. Urefu wa uzi huo, ukiugeuza kuwa kilomita, ndiyo hiyo 9,600.

Ramani ya ukutani ingekufanya upige rula kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mstari huo wa rula ungekuwa na kilomita kama 11,300. Yaani mstari "ulionyooka" kwenye karatasi ni mrefu kuliko "uliopinda" kwa kilomita 1,700, karibu saa mbili za kuruka. Kosa si la macho yako. Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa, na aliyechora ramani ilimbidi atanue sehemu za kaskazini ili zitoshe. Ukiona kwenye skrini ya kiti ndege inachora upinde, jua kwamba hapo ndipo inaponyoosha.

Ukikutana na 5,960 au 5,180 badala ya 9,600, usidhani watu wamepima barabara tofauti. Ya kwanza ni maili za kawaida, ya pili ni maili za baharini, ambazo marubani huzitumia na kila moja ina kilomita 1.852.

Tuje kwenye kugawanya kwako kwa 900. Namba hiyo umeichagua vizuri. Ndege kubwa za safari ndefu huruka kwa asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti, na kwenye mwinuko wa kilomita 11, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Ila hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa. Haikwambii inapita juu ya ardhi kwa kasi gani, na haiko hivyo kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho. Kupanda hadi mwinuko wa kusafiri huchukua kama dakika 20 hadi 25, kushuka huchukua karibu muda huohuo au zaidi, na vipindi hivyo vyote ndege iko chini ya kasi yake. Halafu muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Unahesabiwa tangu ndege inapoachia breki na kusukumwa kutoka mlangoni, hadi inaposimama mlangoni upande wa pili. Katikati kuna kutambaa kwenda kwenye njia ya kurukia na foleni ya ndege nyingine. Kwenye uwanja kama Heathrow wa London kuna pia kuzunguka hewani ukisubiri zamu ya kutua. Ndege za Heathrow huzungushwa kwenye maeneo manne maalumu nje ya jiji, moja juu ya nyingine kama sahani zilizopangwa kabatini, na ya chini ikishatoka ya juu yake inashuka hatua moja. Mashirika yanayajua haya yote, kwa hiyo hutia dakika za ziada kwenye ratiba. Ndiyo maana mara kwa mara rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmewahi kufika kwa dakika 25. Mara nyingi hamkuwahi. Ratiba ilikuwa imelegezwa.

Hayo yote kwa pamoja yanaeleza kama saa moja. Bado kuna saa mbili na zaidi za kueleza, na hizo ziko Siberia.

Ule uzi wako kwenye tufe, zaidi ya nusu yake uko juu ya Urusi. Mwishoni mwa Februari 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Uingereza na Umoja wa Ulaya walizifungia ndege za Urusi anga zao, na Urusi ikajibu kwa kuzifungia zao. Mashirika ya Japani nayo yaliacha kupita. Kwa usiku mmoja, njia fupi kati ya Ulaya ya Magharibi na Japani ikafutika. Ndege zilizokuwa zikienda Tokyo kwa saa 11 na dakika 40 hivi zikaanza kuchukua kama 14. Mashirika ya China hayakufungiwa, kwa hiyo yanaendelea kukatiza Siberia, na ndiyo sababu utakuta safari ya Ulaya na China kwa shirika la Kichina ni fupi kuliko ya shirika la Ulaya kati ya miji hiyohiyo miwili. Ndege aina moja, kilomita zilezile za tovuti, muda tofauti.

Walioumia zaidi ni Finland. Shirika lao, Finnair, lilikuwa limejenga biashara nzima juu ya uzi ule: Helsinki iko pale pale unapopita, na Tokyo ilikuwa umbali wa saa tisa na kidogo tu. Njia ilipofungwa, safari ikawa kama saa 13, na baadhi ya ndege zao zikaanza kupita juu ya Ncha ya Kaskazini yenyewe. Abiria hupewa cheti cha kuvuka Ncha. Naona ni namna nzuri ya kuomba radhi kwa saa nne.

Wazee wa kazi hii hawakushangaa sana, kwa kuwa anga hilo liliwahi kufungwa miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya Vita Baridi Wasovieti hawakuruhusu ndege nyingi za Magharibi zipite Siberia. Mwaka 1957 shirika la SAS la nchi za Skandinavia lilifungua njia ya Copenhagen kwenda Tokyo kupitia kaskazini ya mbali, likitua kujaza mafuta Anchorage, Alaska. Mji huo mdogo ukawa kituo cha wengi waliokuwa wakienda Japani kutoka Ulaya. Mwaka 1983 Finnair wakaanza kuruka Helsinki hadi Tokyo bila kutua, wakizunguka kupitia kaskazini kabisa, na ilichukua saa 13 hivi. Linganisha na saa 13 za leo: teknolojia ya miaka arobaini imekuja na kupita, na ramani ya siasa imeirudisha safari palepale ilipokuwa.

Basi ndege yako ya kwenda itapita wapi? Kusini mwa Urusi na kaskazini mwa mahali pengine pasipopitika. Kwa kawaida ni Ulaya ya kati, Uturuki au Bahari Nyeusi, Kaukasi, Bahari ya Kaspi, Kazakhstan, China, kisha Korea au bahari, na Japani. Chukua uzi wako tena, safari hii uubandike London, Istanbul, Baku, Almaty, Beijing, na Tokyo. Utapata karibu kilomita 11,900. Ndege haipiti juu ya miji hiyo kwa usahihi huo, hukata pembe pale inaporuhusiwa, lakini sasa unaona kilomita zaidi ya 2,000 zilizoongezeka zimetoka wapi. Kumbuka pia kwamba ukanda huo ni mwembamba. Juu ni Urusi, chini kuna Himalaya na nyanda za Tibet, ambako marubani hawapendi kukaa muda mrefu: hewa ya ndani ya ndege ikivuja, inabidi kushuka haraka hadi mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua, na kule ardhi yenyewe iko juu kuliko hapo.

Nchi zinazopitwa nazo hutoza ada kwa kila ndege, na nyingine ni ghali kuliko jirani zake. Kuna siku mpango wa safari huchagua kilomita 100 za ziada ili kukwepa ada ya nchi moja. Abiria hawaambiwi hilo, na sioni kwa nini waambiwe.

Limebaki jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni upepo.

Juu ya kilomita tisa hadi kumi na mbili, kwenye latitudo za katikati, kuna mikondo ya upepo inayokwenda mbio kutoka magharibi kwenda mashariki, kama mto usio na kingo. Wa kwanza kuipima kwa makini alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, miaka ya 1920, kwenye kituo cha hali ya hewa cha Tateno. Aliachia maputo, akayafuata kwa darubini, akaandika kasi zake. Aliona upepo mkali ambao wengi hawakujua kama upo. Ili dunia nzima imsome akaandika ripoti zake kwa Kiesperanto, matokeo yake karibu hakuna aliyezisoma nje ya Japani. Upepo huo alioupima juu ya kichwa chake ndio huo utakaokusukuma Januari. Wakati wa baridi mkondo unaopita juu ya Japani ni miongoni mwa ile yenye nguvu zaidi duniani, na unaweza kuvuka kilomita 300 kwa saa.

Tuchukue hesabu rahisi. Safari ya kilomita 9,600, ndege ya kilomita 900 kwa saa, upepo wa kilomita 100. Ukienda nao unapita juu ya ardhi kwa 1,000, unafika kwa saa 9 na dakika 36. Ukirudi dhidi yake, ile hali ambayo mabaharia wa jahazi huiita kwenda mbisho, unapita kwa 800, unafika kwa saa 12 kamili. Tofauti ni saa 2 na dakika 24 kwa njia ileile. Sasa jumlisha kwenda na kurudi: saa 21 na dakika 36. Bila upepo kabisa ingekuwa saa 21 na dakika 20. Upepo haukurudishii chote ulichokopa, kwa sababu unakaa ndani yake muda mrefu zaidi pale unapokuumiza. Hizi ni namba za mfano, ila kila mpango wa safari una mwenendo huo.

Rekodi zinaonyesha upepo unaweza kufika wapi. Tarehe 9 Februari 2020, dhoruba Ciara ikiwa inavuma Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya kasi ya sauti ukiipima kutoka ardhini, ingawa ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba ndege ilikuwa chini ya kasi hiyo kama siku zote. Ratiba ya kawaida ni karibu saa saba. Waliokuwa wakielekea New York siku hiyo sidhani kama walifurahi.

Nimeulizwa mara nyingi kama tofauti hii inatokana na dunia kuzunguka. Watu hufikiri ndege ikielekea magharibi dunia "inaikimbilia" kutoka chini. Isingekuwa hivyo hata kidogo: hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Ardhi kwenye ikweta huzunguka kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Kama hewa isingeifuata, ukisimama tu hapo ungepigwa na upepo wa kasi hiyohiyo. Mzunguko wa dunia unahusika, ila kwa kuipinda mikondo ya hewa na kuipeleka mashariki. Kinachoigusa ndege yako ni upepo peke yake.

Sasa tunaweza kuieleza safari yako ya kurudi, na hapa ndipo kazi yetu inapokuwa tamu. Rubani aliyeko Tokyo anataka kwenda London, magharibi. Ana njia ya kusini, kilomita 11,900, lakini ataipiga mbisho yote. Njia ya pili ni kuipa London mgongo: aruke kuelekea mashariki, juu ya Pasifiki, Alaska, kaskazini mwa Kanada, Greenland, ateremke kupitia upande wa Iceland. Kwa uzi, Tokyo hadi Anchorage hadi London ni kama kilomita 12,800. Ni ndefu zaidi kwa kilomita 900. Lakini mwanzoni mkondo wa Ooishi unamsukuma, na huko kaskazini upepo hulegea. Weka namba za mfano: kusini, upepo wa mbele wa wastani wa 80, unapita kwa 820, saa 14 na nusu. Kaskazini, upepo wa nyuma wa wastani wa 40, unapita kwa 940, saa 13 na dakika 37. Njia ndefu imeshinda. Kesho yake upepo ukibadilika, fupi inashinda. Mashirika yanayosafiri kati ya Japani na Ulaya yametumia njia zote mbili tangu 2022, na kuna siku uamuzi hubadilika saa chache kabla ya kuruka. Siyo dakika tu zinazoamua: ndege za aina hii hula tani tano hadi nane za mafuta kila saa, na mafuta ya akiba nayo lazima yabebwe.

Kaskazini kuna masharti yake. Ndege yenye injini mbili lazima iwe ndani ya muda uliokubaliwa kufika uwanja wa dharura kwa injini moja, na huko viwanja vya kutosha ni vya kuhesabu. Mafuta yenyewe huganda: yanayotumika sehemu nyingi huanza kuganda nyuzi 47 chini ya sifuri, na hewa ya nje kuna siku ina baridi kuliko hapo. Mafuta ya tangini yakikaribia kiwango hicho, rubani hushuka kwenye hewa yenye joto kidogo au huongeza kasi ili msuguano wa hewa ulipashe bawa.

Ndege yako ikirudi kwa njia ya Alaska, basi umekwenda mashariki na kurudi kwa kwenda mashariki, umeizunguka dunia bila kukusudia. Na kalenda itakuchezea. Tuseme umeondoka Tokyo Jumanne saa tano asubuhi. Baada ya saa tano hivi uko Alaska, umevuka mstari wa tarehe ulioko Pasifiki, ambako kalenda hurudi nyuma siku moja, na chini yako ni Jumatatu usiku, saa nne. Kisha unatua London Jumanne alasiri. Jumanne, Jumatatu, Jumanne, na chakula cha ndege mara mbili tu.

Kwa safari nyingine usizonitajia, hesabu yangu ya kwenye kiganja ni hii: chukua umbali wa uzi, gawa kwa 850 badala ya 900, ongeza dakika 35 hivi. Ijaribu. Singapore hadi New York, safari ya moja kwa moja ndefu kuliko zote zenye ratiba, ni kilomita kama 15,350: inakupa saa 18 na dakika 40 hivi, na ratiba iko hapohapo. Perth hadi London, kilomita 14,500, inakupa saa 17 na dakika 40, na haiko mbali. Ukikuta ratiba imepishana na hesabu hiyo kwa zaidi ya saa moja, angalia upepo kwanza, kisha uangalie uzi unapita juu ya nchi gani. London na Tokyo kwa hesabu hiyo ni saa 11 na dakika 50. Ile tovuti yako ilikuwa imefanya karibu hesabu hiihii, ikasahau kuuliza kama mlango uko wazi.

Kuhusu Dubai. London hadi Dubai ni kilomita kama 5,500, na Dubai hadi Tokyo kama 7,930. Jumla 13,430. Ni mzunguko wa karibu kilomita 3,800 juu ya uzi, lakini uzi huo hupewi hata ukiulipia, kwa hiyo linganisha na 11,900 utakazosafiri kweli: tofauti ni kilomita 1,500 tu. Kwa kuruka peke yake utatumia saa 17 hivi kwenda, na kurudi zaidi, kwa sababu ya upepo kutoka Tokyo. Muda wa kuunganisha ndio utakaoamua. Ukipata ya saa mbili unafika jumla ya saa 19, yaani umepoteza tano, na umenyoosha miguu katikati. Ukipata ya saa tisa umepoteza nusu siku. Chini ya saa moja na nusu mimi nisingenunua, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa kwa dakika 40, hali ya kawaida kabisa, utakuwa unakimbia. Na hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa mbili tofauti na ukakosa ya pili, hasara ni yako.

Ukichagua ya moja kwa moja, wakati wa kurudi chukua kiti cha dirishani upande wa kushoto. Ndege ikielekea mashariki, kushoto ni kaskazini, na Januari juu ya Alaska itakuwa usiku. Waombe wasiwashe taa za karibu yako, funika uso na dirisha kwa blanketi kuzuia mwanga wa ndani, na uangalie kwa dakika kumi bila kutoa macho. Mwanga wa kijani ukionekana unacheza kama pazia, ni aurora. Ukiona badala yake Bahari ya Kaspi, ujue upepo wa siku hiyo uliamua vingine.